Viraka 17 vya usafi: shajara ya kupitia tabaka letu la faili

Jumatatu, 2 Juni

Dogo, kijana wa timu yetu ya watu watatu, ametuma kazi yote usiku wa jana, saa sita na dakika kumi. Viraka kumi na saba, yaani vifurushi vya mabadiliko ya msimbo vya kupitiwa kimoja kimoja. Nilimwomba asafishe tabaka letu la faili kabla msimu wa kahawa haujaanza, nikadhani ataleta vitano au sita. Kumbe kijana alikuwa na hasira na msimbo wangu siku nyingi.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kutujua: mizani zetu za kupimia kahawa mbivu zinaendeshwa na Linux, kerneli 6.6 (kerneli ndiyo kiini cha mfumo wa uendeshaji). Kila upimaji (namba ya mkulima, kilo, saa) unaandikwa kwenye mfumo mdogo wa faili tuliouandika wenyewe. Tuseme ukweli, niliuandika mimi, miaka sita iliyopita, nikiiga ext2, mfumo wa faili wa zamani wa Linux, kwa sababu ext2 ndiyo iliyokuwa rahisi kusomeka kuliko yote niliyofungua ndani ya kerneli. Kwa nini hatukutumia ext4, mrithi wake, ambayo iko imara tangu 2008? Mwenzetu wa tatu, dada anayekaa Njiro kule Arusha, huniuliza hivyo kila mwaka. Kuna jibu refu lenye michoro. Jibu fupi ni kwamba nilitaka kuandika wa kwangu.

Chini ya kila kiraka dogo ameandika: "Usafi tu, tabia haibadiliki." Mara kumi na saba. Maneno hayo nayaogopa kuliko yote katika kazi hii. Mtu akikwambia amebadilisha namna faili zinavyoandikwa, unamsoma umekaa wima. Akikwambia amefagia tu, unampitisha huku mkono mmoja umeshika kikombe cha chai.

Viraka 1 hadi 4 vimepita leo, isipokuwa cha 3. Ni tahajia kwenye maelezo, faili za vichwa zisizotumika, nafasi zilizobaki mwishoni mwa mistari. Cha 3 nimekirudisha kwa sababu kimepanga upya nafasi na hapo hapo kimebadilisha jina la kigezo. Viwe viwili. git ndiyo inayotutunzia historia ya msimbo, na git blame huonyesha kila mstari uliingia na badiliko lipi; ukiipa -w inapuuza nafasi, jina haiwezi kulipuuza, na mimi mwakani nitataka kujua mstari fulani uliingia lini na kwa nini. Kile cha nafasi peke yake kikishaingia nitakitia kwenye faili ya blame.ignoreRevsFile, orodha ya mabadiliko ya kurukwa na git blame, ambayo git inaielewa tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019.

Jumanne, 3 Juni

Umeme umekatika saa mbili asubuhi, umerudi saa tisa. Nimesoma viraka viwili kwenye simu na sikumbuki hata kimoja.

Jumatano, 4 Juni

Kiraka cha 6 kimenila asubuhi nzima.

Fankisheni inayotengeneza faili mpya ilikuwa na milango mitatu ya kutokea, yaani lebo tatu za goto (amri ya kuruka hadi mahali penye lebo), kila moja ikiachilia vile tu vilivyokwisha kushikwa hadi pale. Wasiozoea C ya kerneli wakiona goto hushika kichwa, lakini kule ndio utaratibu wenyewe: unashika bafa (nakala ya kipande cha diski kwenye kumbukumbu), unashika inodi (maelezo ya faili moja), unaomba kipande cha kumbukumbu, na jambo likiharibika njiani unaruka hadi panapoachilia vyote kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Dogo ameunganisha milango mitatu ikawa mmoja. Hoja yake inaeleweka. brelse, inayoachilia bafa, ukiipa NULL, yaani kielekezi (anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) kitupu, hainuni, inarudi tu. iput, ya kuachilia inodi, vivyo hivyo, kfree, ya kuachilia kumbukumbu, vivyo hivyo. Basi anza na vielekezi vyote vikiwa NULL, mwishoni achilia vyote bila kuuliza, na ambacho hakikushikwa kitajipitia chenyewe.

Ingekuwa sawa kama kila kinachoshindikana kingerudisha NULL. Fankisheni yetu ya kuchukua inodi ikishindwa inarudisha kosa lililovishwa nguo za kielekezi. Ni mila ya kerneli: anwani 4,095 za mwisho kabisa hazipewi kitu chochote, kwa hiyo namba ya kosa hufichwa humo. Kumbukumbu ikiisha kosa ni -12, na kielekezi kinasomeka 0xfffffffffffffff4. Sasa iput inakitazama, inaona si NULL, inaingia ndani kuitafuta inodi isiyokuwepo, na mashine inaanguka. Ile milango mitatu ilikuwa mibaya machoni, ila kila mmoja ulijua nani yumo ndani ya nyumba na nani hajafika.

Kwenye majaribio ya dogo halikuonekana, maana laptopu yenye GB 16 itaishiwa kumbukumbu saa ngapi? Kerneli ina failslab, ambayo kazi yake ni kunyima kumbukumbu makusudi. Nimeiwasha kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu), nikaiacha inanyima moja katika kila mia, na kabla chai haijapoa skrini ilikuwa imejaa anwani.

Nikampigia.

"Kaka, lakini iput si inapokea NULL?"

Inapokea.

"Sasa?"

Sasa fungua uone inodi ikishindikana inarudi nini.

Kimya. Nikasikia vitufe vinabonyezwa. Kisha: "Aisee."

Baadaye akaleta wazo la kutumia utaratibu wa cleanup.h ulioingia kerneli 6.5 mwaka 2023, ambapo kigezo chenyewe kinaachiliwa mtu akitoka kwenye mabano, bila goto wala lebo. Ninaupenda. Lakini maelezo yake ndani ya kerneli yanasema wazi usiuchanganye na goto kwenye fankisheni moja, na fankisheni hii ina urefu wa mistari 140. Tukakubaliana: goto zibaki msimu huu. Kiraka cha 6 kimefutwa, na cha 5 na cha 7, vilivyokuwa ndugu zake, nimevisoma upya kwa jicho baya. Vilikuwa safi.

Ijumaa, 6 Juni

Leo kasoro kaiona dada, mimi nilikwisha kuipitisha. Naandika hapa isije ikasemwa naficha.

Kiraka cha 9. Fankisheni ya kutafuta bloku (kipande cha diski) iliyo wazi ilikuwa ikirudisha int, namba inayoweza kuwa hasi. Dogo ameifanya u32, namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi, kwa hoja kwamba namba ya bloku haiwezi kuwa hasi. Nikasoma, nikatikisa kichwa kukubali, nikaandika "sawa". Jioni ukaja ujumbe kutoka Njiro, maneno matatu tu: "Nafasi ikiisha je?"

Nafasi ikiisha fankisheni hiyo inarudisha namba ya kosa, -28. Ukiibana -28 kwenye u32 inakuwa 4294967268. Aliyeiita anauliza kama jibu ni dogo kuliko sifuri, na namba isiyo na alama haiwi ndogo kuliko sifuri hata siku moja, kwa hiyo anaendelea mbele kwa furaha kwenda kuandika kwenye bloku ya bilioni nne na ushei ya kifaa chenye bloku milioni mbili. Bahati ni kwamba tabaka la chini litamkatalia. Bahati mbaya ni kwamba litamkatalia kwa kosa jingine, -5, lile la kifaa kibovu, na karani wa mizani atatupigia simu kuwa mashine imekufa wakati imejaa tu. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haikusema neno kwa vile onyo la aina hiyo hatukuwa tumeliwasha. Sasa limewashwa. Limetoa mengine sita, yote ya kwangu ya zamani, yote hayana madhara. Moja linachekesha, ila si la kuandikwa hapa.

Jumamosi, 7 Juni

Tumekutana sote watatu kwangu Majengo, mjini Moshi. Dada amekuja na Coaster ya saa moja kutoka Arusha, dogo kashuka na kifodi kutoka Kiboriloni na sufuria ya mtori aliopewa na mama yake, bado wa moto. Kazi ilikuwa moja, kiraka cha 11. Tumekaa nacho mpaka saa kumi.

Kichwa chake: "Ondoa usubiri unaojirudia." Upimaji mmoja unagusa bloku mbili. Ya kwanza ni bloku ya rekodi, yenye namba ya mkulima na kilo. Ya pili ni bloku ya hesabu, inayosema rekodi halali ziko ngapi. Msimbo wangu uliandika ya kwanza kwa sync_dirty_buffer, inayoipeleka bafa moja kwenye kifaa, ukasubiri, ukaongeza hesabu, ukaandika ya pili kwa sync_dirty_buffer, ukasubiri tena. Dogo akaona kusubiri mara mbili ni ujinga. Akaziwekea zote mbili alama ya kuwa chafu (zimebadilika ila hazijaandikwa) na kuzisukuma pamoja mwishoni. Upimaji ukashuka kutoka milisekunde 40 hadi 22. Alikuwa ameshatengeneza na mchoro wa kuonyesha.

Shida ni kwamba ukizisukuma pamoja, hakuna anayeahidi ipi itatangulia. Ikitangulia ya hesabu, na umeme ukakatika katikati, mizani ikiwaka tena itakuta hesabu inasema rekodi 118 wakati bloku ya 118 haijaandikwa. Humo ndani hamna takataka. Takataka ningeifurahia, ingeonekana. Mna rekodi ya msimu uliopita, yenye sura halali kabisa, namba halali, kilo halali, ya mkulima mwingine. Ni sawa na karani kugonga muhuri kwenye stakabadhi kabla gunia halijapanda mizani. Kwenye vituo vyetu umeme hukatika, na usipokatika wenyewe, karani akimaliza kazi anazima kwenye swichi ya ukutani kama anavyozima taa.

Dogo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nilijua linakuja: "Kaka, wewe unajua kwa sababu uliandika. Mimi ningejuaje? Hapa pote hamna hata mstari wa maelezo."

Hamna. Nilifungua faili mbele yao na hamna. Sync, badilisha, sync, kama mtu aliyesahau kuwa ameshaita mara moja. Nilipata sababu ya mpangilio ule baada ya kupoteza rekodi za siku nzima kituo kimoja, nikaandika mistari ile usiku, ikafanya kazi, nikalala. Sababu ikabaki kichwani mwangu miaka sita.

"Hilo ni lako, si la dogo," dada akasema, akaongeza mtori.

Halafu akaendelea, na hapo ndipo siku ilipoharibika vizuri. Aliuliza sync_dirty_buffer inasubiri nini hasa. Nikajibu: inasubiri kifaa kiseme kimepokea. Kimepokea wapi? Nikaanza kujibu nikanyamaza. Kifaa chenye akiba yake ya ndani kinaweza kusema kimepokea wakati data bado iko kwenye akiba inayofutika umeme ukikatika, kisha kikaiandika kwa mpangilio kinaoutaka chenyewe. Dawa ni kukipa amri ya kumwaga akiba kwanza. ext4 hufanya hivyo kabla ya kuthibitisha muamala kwenye jarida lake, daftari la mabadiliko yake. Na si sisi tu tuliozembea: ext3, iliyoingia kerneli mwaka 2001, kwa miaka mingi ilikuja amri hiyo ikiwa imezimwa, mwenye kuitaka aiwashe mwenyewe.

Memori kadi zetu za zamani hazikutangaza akiba yoyote kwa kerneli, kwa hiyo mpangilio wangu ulishika. Bodi za msimu huu ni mpya. Zina eMMC, chipu ya kuhifadhi data, iliyotiwa lehemu juu ya bodi, na eMMC tangu toleo la 4.5 ina akiba, na kerneli inaiwasha. Maana yake msimbo ambao dogo aliuvunja ulikuwa umeshavunjika kwenye bodi mpya kabla hajaugusa, na kama asingeleta kiraka kibovu tungepeleka bodi hizo milimani hivyo hivyo.

Dogo hakusema kitu. Lakini nilimwona.

Jumatatu, 9 Juni

Nilitaka ushahidi, si maneno ya mezani. dm-log-writes imo kwenye kerneli tangu 4.1 ya mwaka 2015: unaiweka kati ya mfumo wa faili na kifaa, inanakili kila kinachoandikwa kwenye kifaa cha pembeni, kisha unaweza kurudisha hali ya diski hadi hatua yoyote na kuipachika uone ingekuwaje kama umeme ungekatika hapo.

Ina tabia moja iliyotuumbua. Uandishi wa kawaida hauuingizi kwenye kumbukumbu yake mpaka amri ya kumwaga akiba ifike, kwa sababu kabla ya hapo hauna uhakika wa kuwepo. Nikaendesha msimbo wangu wa zamani, upimaji 50 mfululizo, nikafungua kumbukumbu. Tupu. Hamsini zote zilikuwa hewani, na zilitokea pale tu tulipofunga kila kitu. Miaka sita ya kuwaambia watu kwamba rekodi ikishalia "pii" imeandikwa.

Toleo jipya: bloku ya rekodi inaandikwa na kusubiriwa kama zamani. Bloku ya hesabu inaandikwa kwa ombi moja lenye alama mbili, REQ_PREFLUSH na REQ_FUA, yaani mwaga kwanza akiba yote, kisha andika hii, na usirudi hadi iwe imetua penyewe. Upimaji umepanda kutoka milisekunde 40 hadi 57. Sindano ya mizani yenyewe huchukua zaidi ya sekunde kutulia, hakuna karani atakayejua.

Juu yake nimeandika maelezo ya mistari tisa. Dogo amerudisha kiraka na swali: kwa nini "usibadilishe mpangilio huu" bila kusema nini kitatokea ukibadilishwa? Sasa ni mistari kumi na minne, na mkulima wa bloku ya 118 yumo.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya viraka vidogo. 10, 12 na 13 vimepita.

Cha 14 kimenipa raha. Dogo ameondoa neno moja, (signed), linalofanya namba isomwe kama inayoweza kuwa hasi, mbele ya mahali tunaposoma muda kutoka kwenye diski. Neno hilo nililiiga kutoka ext2 bila kujiuliza. Likiwepo, sekunde zetu za biti 32 zinafika 19 Januari 2038 kisha zinaruka nyuma hadi 1901. Likiondoka, zinaendelea hadi mwaka 2106, ila tarehe za kabla ya 1970 hazipo tena. Kahawa ya kabla ya 1970 hatupimi. Mabadiliko ni mazuri, pengine mazuri kuliko yote kwenye rundo hili, na hayahusiani kabisa na usafi. Nimemwambia abadilishe kichwa cha kiraka kiseme kinachofanyika, afute "tabia haibadiliki", akitume peke yake. Akauliza kama nimekikataa. Sijakikataa, nimekiita kwa jina lake.

Cha 15 na cha 16 vinahamisha msimbo kutoka kurasa (vipande vya kumbukumbu vya baiti 4,096) kwenda folio, namna mpya ya kerneli tangu 5.16 ya Januari 2022, ambapo kitu kimoja kinaweza kubeba kurasa kadhaa. Nimekuta sehemu mbili bado zinafuta baiti 4,096 pasipo kuuliza folio ina ukubwa gani. Leo hazina madhara, hatujaruhusu folio kubwa kwenye mfumo wetu. Amerekebisha ndani ya robo saa.

Alhamisi, 12 Juni

Rilei, swichi inayojiendesha, imefungwa kwenye bodi mpya. Inakata umeme wakati wowote kati ya sekunde 5 na 40, inawasha, inalinganisha rekodi na orodha iliyoko kwenye laptopu, inaanza tena. Inalia tak, tak, usiku kucha. Jirani kauliza kama ninafuga kigogota.

Jumamosi, 14 Juni

Rilei imefika mikato 612. Tofauti hakuna. Kwa msimbo wa zamani kwenye bodi hiyo hiyo, tofauti ya kwanza ilikuja kwenye mkato wa 31.

Kimebaki kiraka cha 17, kinachofuta msimbo wa kusoma umbo la kwanza la diski, lile la kadi za mwaka wa mwanzo. Mistari 410, ndiyo michafu kuliko yote, na dogo anaichukia kwa haki. Anasema hakuna anayeitumia. Nikamwuliza amejuaje. Kerneli yenyewe ilipotaka kuiondoa ReiserFS, mfumo mwingine wa faili, ilitangaza mwaka 2022, ikaitoa kwenye 6.13 ya Januari 2025. Karibu miaka mitatu ya kungoja mtu aseme "bado naitumia". Sisi tuna vituo kumi na moja, na simu.

Tumegawana namba. Vituo kumi vimejibu kwamba vina kadi mpya. Cha mwisho ni Uru, karani ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamsalimia, nikamwuliza kadi ya kwenye mizani yake ina rangi gani.

"Marahaba. Ya kijani."

Zile za kijani ndizo za mwaka wa kwanza. Nikamwuliza kama hatukuwahi kumletea nyingine.

"Mlisema mtakuja, baba. Na mimi nimekaa."

Kiraka cha 17 nimekiweka kwenye tawi la pembeni. Vile vingine kumi na vitano vimeingia saa nane mchana. Jumanne napanda Uru na bodi mpya, dogo anakuja nami, na ile kadi ya kijani tunaishusha kuja kuinakili bloku kwa bloku kabla yeyote hajaigusa.